Mawimbi ya Wengine: Dishi la Bure katika Historia ya Televisheni Afrika Mashariki

Mwaka 1975 shirika la anga la Marekani, NASA, liliisogeza satelaiti yake ya ATS-6 hadi nyuzi 35 mashariki, juu ya ikweta. Timazi iliyoangushwa kutoka pale ilipokaa, kilomita zipatazo 36,000 angani, ingetua magharibi mwa Kenya, si mbali na Kisumu. Kuanzia Agosti mwaka huo hadi Julai 1976, chombo hicho kilirusha vipindi vya kilimo, afya na elimu moja kwa moja hadi kwenye televisheni za vijijini, kupitia madishi ya wavu wa waya yenye upana wa mita 3 hivi. Dunia ilikuwa haijaona jaribio la aina hiyo kwa ukubwa huo. Lakini vijiji vyenyewe, vipatavyo 2,400, vilikuwa India, na antena ya satelaiti ilikuwa imeelekezwa huko. Kisumu, iliyokuwa karibu chini yake kabisa, haikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Aliyejiingiza kwenye hesabu bila kualikwa alikuwa mhandisi Mwingereza, Stephen Birkill, ambaye mwezi Desemba 1975, huko Sheffield, alinasa picha hizo za India kwa dishi alilojitengenezea nyumbani. Anahesabiwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kupokea televisheni ya satelaiti nyumbani kwao kwa vifaa vyao wenyewe, na alichokipokea hakikuwa chake.

Historia ya dishi katika nchi zetu husimuliwa zaidi kama habari ya teknolojia iliyochelewa kufika: Ulaya ilipata mapema, sisi tukangoja, hatimaye Wachina wakashusha bei. Sioni kama masimulizi hayo yanaeleza mengi. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba televisheni ya bure ya satelaiti Afrika Mashariki, tangu miaka ya 1990 hadi leo, imejengwa juu ya mawimbi yaliyokusudiwa watu wengine. Kaya iliyosimika dishi la futi 6 au 8 uani ilikuwa inapokea kitu kilichotumwa kwa mtambo wa kurushia matangazo wa mkoa jirani, kwa watazamaji wa Uarabuni, au kwa kituo cha televisheni cha nchi nyingine. Hali hiyo ya kuwa pembeni ndiyo inayoeleza mambo matatu ambayo bila hivyo yanashangaza: kwa nini fundi amekuwa muhimu kuliko kampuni yoyote, kwa nini chaneli hupotea bila taarifa, na kwa nini mwenye dishi la bure hajawahi kuwa na pa kupeleka malalamiko.

Tuanze na ardhi ilivyokuwa. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka uliofuata. Zanzibar ilifungua kituo chake mwanzoni mwa miaka ya 1970, nacho kikawa cha rangi tangu mwanzo, jambo ambalo mataifa makubwa kadhaa ya bara hili yalikuwa bado hayajalifikia. Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba fedha chache zilizopo ziende kwenye redio, inayomfikia mkulima popote alipo, na uamuzi huo ulidumu hadi sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi. Kabla ya hapo, mkazi wa Dar es Salaam aliyekuwa na seti ya televisheni aliinua antena juu ya mlingoti mrefu na kutazama Zanzibar kupitia mkondo wa bahari, umbali wa kilomita 70 hivi. Kwa hiyo hata kabla ya dishi la kwanza, Bara ilianza kutazama kwa kudokoa. Mitambo ya Zanzibar ilijengwa kwa ajili ya Unguja na Pemba. Maji hayazuii mawimbi, basi Upanga na Oysterbay nako kukaona.

Satelaiti zenyewe zilikuwepo muda mrefu. Kituo cha Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kilifunguliwa mwaka 1970 kuunganisha Afrika Mashariki na mtandao wa Intelsat kwa simu na picha. Ila antena za vituo kama hicho zilikuwa na upana wa karibu mita 30, kwa sababu satelaiti za wakati ule zilitoa nguvu kidogo mno na vipokezi vya ardhini vilikuwa na kelele nyingi za umeme zilizofunika mawimbi dhaifu. Kilichogeuza mambo katika miaka ishirini iliyofuata ni mambo mawili yaliyokwenda pamoja: satelaiti zilipata paneli kubwa zaidi za jua na vikuza mawimbi vyenye nguvu, na LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, ikawa tulivu na rahisi kutengeneza kwa wingi. Kila kelele ilipopungua, dishi lilipungua. Kutoka mita 30 likaja la mita 10, kisha la 5, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 dishi la mita 3 lilitosha kwenye bendi ya masafa iitwayo C. Mita 3 bado ni kitu kikubwa; linahitaji zege, nguzo ya chuma na uwanja. Ndiyo maana madishi ya kwanza yalionekana kwenye hoteli, balozi na nyumba chache za wenye nazo.

Yalipokea nini? Mwaka 1989 Ufaransa ilianzisha Canal France International, kwa kifupi CFI, kazi yake ikiwa kuvipelekea vituo vya televisheni vya Afrika vipindi vya Kifaransa kwa satelaiti, bure, ili vituo hivyo vivirushe tena. KTN ya Nairobi ilipoanza mwaka 1990 ilijaza saa zake nyingi kwa matangazo ya CNN yaliyoshushwa kutoka angani. Katika mpangilio huo mtazamaji wa nyumbani alikuwa mwisho wa mnyororo: satelaiti inakipa kituo, kituo kinampa mtazamaji. Mwenye dishi aliruka kiungo cha katikati. Alipata kile alichopata kituo, wakati uleule, hata vile ambavyo kituo kingeamua kuvikata. Hakuna aliyemkusudia, ila hakuna pia aliyekuwa na sababu ya kumzuia, maana kufunga mawimbi kwa fumbo kunagharimu mtumaji na kunamlazimu kugawa vifumbuzi kwa kila kituo. Wakati ule uwazi ulikuwa rahisi kuliko kufuli.

Upwani mkondo ulikuwa mwingine. Shirika la Arabsat, lililoundwa na nchi za Jumuiya ya Kiarabu mwaka 1976, lilirusha satelaiti yake ya kwanza Februari 1985. MBC ilianza London mwaka 1991, Al Jazeera Doha mwaka 1996, na Nilesat ya kwanza ya Misri ikapaa Aprili 1998. Karibu zote hizo ziliachwa wazi kwa sababu aliyelipa hakuwa mtazamaji. Walipaji walikuwa serikali, watawala na wafanyabiashara waliotaka sauti yao isikike kutoka Muscat hadi Casablanca. Kwa Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, ambako familia nyingi zina ndugu Oman na Dubai, na ambako sala ya Tarawehe kutoka Makka ni jambo la kukaa kutazamwa usiku wa Ramadhani, chaneli hizo zilikuwa na maana ambayo CNN haikuwa nayo. Hata hivyo ramani za miali yake zilichorwa kufuata nchi za Kiarabu. Mwali wa bendi ya Ku, unaotosha kwa dishi la sentimita 60 mjini Muscat, hufifia kadiri unavyoshuka kusini mwa Pembe ya Afrika, na fundi wa pwani akajifunza kulipa tofauti hiyo kwa futi: pale Mwarabu anapofunga sahani ndogo ukutani, yeye anasimika dishi mara tatu yake, na bado mvua ya masika ikinyesha picha inagawanyika vipande. Mkazi wa Unguja aliipokea Makka kutoka ukingoni mwa mwali.

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote ni ile ya chaneli za Tanzania yenyewe. Baada ya sheria ya 1993, CTN, ITV na DTV zilianza kurusha kutoka Dar es Salaam mwaka 1994. Televisheni ya taifa ilifuata mwishoni kabisa mwa muongo. Mtambo wa kawaida wa ardhini hufika makumi ya kilomita, na nchi ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 945,000. Kuvuta waya au minara ya kupokezana hadi Mwanza, Mbeya na Songea kungemaliza fedha kabla ya kipindi cha kwanza. Njia ikawa ileile ya CFI: kituo cha Dar es Salaam kinapandisha matangazo kwenye satelaiti ya Intelsat juu ya Bahari ya Hindi, mitambo midogo ya mikoani inayashusha kwa dishi na kuyarusha mjini. Satelaiti zilizotumika zilikaa kati ya nyuzi 60 na 70 mashariki, kwenye bendi ya C, na miali yake ilifunika Afrika nzima au sehemu kubwa yake. Mtambo wa mkoani ulikuwa na dishi, LNB na risiva. Mkulima wa pamba au mwalimu wa sekondari aliyekuwa na dishi, LNB na risiva alikuwa na vifaa vya aina ileile, akakosa mtambo wa kurushia tu, ambao hakuuhitaji. Kwa wilaya ambazo hazikuwahi kupata mtambo wa ardhini, dishi la uani ndilo lililokuwa kituo cha televisheni.

Hapa ndipo kazi ya fundi inapostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu haikuwa kazi ya kufuata maelekezo ya kiwandani. Maelekezo hayo yaliandikwa kwa ajili ya Ulaya. Mtu wa London anayetafuta satelaiti iliyo nyuzi 28 mashariki huinamisha dishi lake nyuzi 25 hivi tu kutoka usawa wa ardhi. Dishi linatazama juu ya paa la jirani. Dar es Salaam iko karibu na ikweta, na satelaiti iliyo nyuzi 64 mashariki huonekana nyuzi 60 juu, upande wa mashariki na kaskazini kidogo. Dishi linaelekea mbinguni. Matokeo yake ni mengi: ukuta na miti si kikwazo kama Ulaya, lakini bati lisilo na matundu hukusanya majani na vumbi, na likigeuziwa satelaiti iliyo karibu utosini hukinga maji. Ndiyo sababu mojawapo wavu ulipendwa. Sababu nyingine ni fizikia ya bendi yenyewe. Mawimbi ya C, yenye masafa ya gigahezi 4 hivi, yana urefu wa sentimita 7 na nusu. Tundu la milimita chache kwayo ni sawa na ukuta mzima, na dishi lililopinda kidogo kwenye buti la basi bado linafanya kazi. Mawimbi ya Ku yana urefu wa sentimita 2 na nusu tu, hivyo pindo hilohilo linaua picha. Tena C huvumilia mvua. Katika nchi ya masika na vuli, bendi iliyokuwa inaachwa Ulaya kwa sababu ya ukubwa wa madishi yake ndiyo iliyofaa zaidi.

Fundi alianza na nguzo. Isipokuwa wima kwa timazi, kila kipimo kinachofuata kinadanganya, na atakayelisogeza dishi kutoka satelaiti moja kwenda nyingine atapotea njiani. Kisha inakuja fokasi ya LNB, umbali wake kutoka kitovu cha dishi, unaosogezwa kwa milimita. Kisha mlalo na wima wa mawimbi. Satelaiti nyingi za zamani za Intelsat hazikutumia mlalo wala wima, bali mawimbi yanayozunguka kama uzi wa parafujo, na LNB za madukani hazikutengenezwa kwa hayo. Dawa ilikuwa kukata kipande cha plastiki ya aina ya Teflon na kukisimamisha ndani ya mdomo wa LNB kwa nyuzi 45. Kipande hicho hakikuwa kwenye boksi. Elimu yake ilipita kwa mkono, fundi kwa mwanagenzi, pamoja na daftari la masafa yaliyoandikwa kwa kalamu na kufutwa na kuandikwa upya kila chaneli ilipohama. Nyaraka za satelaiti zimejaa tarehe za kurushwa na mikataba ya kukodisha. Historia ya upande wa kupokea ilibaki kwenye madaftari ya namna hiyo, na nadhani ndiyo maana imeandikwa kidogo.

Pingamizi la kwanza kwa hoja yangu ni kwamba vituo vilijua. Mkurugenzi wa matangazo ya biashara Dar es Salaam hakuwa mjinga. Alifahamu kwamba sabuni anayoitangaza inaonekana hadi Kigoma na hata ng'ambo ya ziwa, na idadi ya watazamaji ilimfaa. Basi vipi iitwe mawimbi ya wengine? Jibu ni kutofautisha kufurahia na kuwajibika. Kituo kilifurahia kuwa na watazamaji wa dishi, lakini hakuna kitu chochote, si leseni wala mkataba wala ratiba, kilichokilazimu kuendelea kuwafikia. Kilipopata bei nafuu kwenye satelaiti nyingine kilihama, nacho kiliwaarifu wenye mitambo ya mikoani, maana hao kiliwajua. Wenye madishi walijua asubuhi skrini ilipokuwa nyeusi. Jirani anaweza kupenda usikilize redio yake dirishani, na bado akaizima bila kukuuliza.

Mfano mkali zaidi uko kusini. Kwa miaka mingi kaya za Botswana zilinunua risiva za bei ndogo zilizojulikana kwa jina la Philibao na kutazama chaneli za SABC, zilizorushwa kwa satelaiti ili kuwafikia raia wa Afrika Kusini walio nje ya mitambo ya ardhini. Kituo binafsi cha Botswana, eBotswana, kilichokuwa kinalipia haki za vipindi vilevile ndani ya nchi, kilikwenda mahakamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mahakama ya Afrika Kusini iliona kwamba Sentech, kampuni ya umma inayorusha mawimbi hayo, ilizembea kuyalinda, na baada ya hapo yakafungwa. Angalia nani alikuwa mahakamani: mwenye kituo, mrushaji, na nyuma yao wenye haki za michezo na sinema. Maelfu ya kaya ambazo jioni zao ndizo zilizokuwa zinaamuliwa hazikuwa upande wowote wa kesi. Haki za vipindi huuzwa nchi kwa nchi, ilhali mwali wa satelaiti haujui mpaka wa Tlokweng wala wa Namanga, na mtafaruku huo humalizwa siku zote kwa kumfungia aliye upande usiolipa.

Wengine watasema kwamba huu ni utetezi wa wizi. Hapana budi kukiri kwamba mpaka ulivukwa. Fundi yuleyule aliyesimika dishi la chaneli za wazi mara nyingi ndiye aliyeuza namba za siri za kufungulia chaneli za kulipia, au huduma ya kuchangia kadi moja kwa nyumba kumi. Hayo ni makosa, na hayaokolewi na ufundi wake. Lakini kupokea kilichotumwa wazi ni jambo jingine, na sheria za nchi yenye biashara kubwa kuliko zote za televisheni zililikubali hilo mapema. Nchini Marekani, ambako profesa wa Stanford, Taylor Howard, alijijengea dishi nyumbani mwaka 1976, Bunge lilihalalisha mwaka 1984 kupokea nyumbani mawimbi ya satelaiti yasiyofungwa. Kilichofuata kinaunga mkono hoja yangu kuliko mfano wowote wa kwetu: Januari 1986 HBO ilifunga mawimbi yake, chaneli nyingine zikafuata, na watu waliokwisha kutoa maelfu ya dola kununua madishi halali wakabaki na vyuma uani. Sheria iliwapa ruhusa ya kupokea. Haikumpa mtu yeyote wajibu wa kuwatumia. Kwa hiyo udhaifu ninaouzungumzia hautokani na umaskini wa Afrika. Unatokana na mahali mtazamaji wa bure anaposimama popote duniani.

Lipo pia pingamizi la wanaouliza: je, anayelipa yuko salama zaidi? DStv ilianza mwaka 1995 na kwa miaka kumi na kitu ikawa karibu peke yake kwenye soko la juu. Mwaka 2007 ikaja GTV kwa bei ya chini, ikiwa na mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, na vibanda umiza vya mijini vikajiunga haraka. Tarehe 30 Januari 2009 ilikata matangazo, imefilisika. Wateja walikuwa na risiti, walikuwa na mkataba, na havikuwasaidia kuona dakika moja zaidi. Tukio hilo linalegeza hoja yangu kwa kiasi, nami nakubali: mkataba si kinga. Hata hivyo mteja wa GTV alikuwa mdai kwenye mali ya muflisi, jina lake limeandikwa mahali, na wanasiasa na magazeti walizungumza kwa niaba yake. Na dishi lililobaki juu ya paa halikufa na kampuni. Sahani ya Ku haijali nembo iliyochorwa juu yake. Fundi aliyejua nyuzi na masafa aliigeuza upande mwingine, akabadili risiva, ikaendelea na chaneli za wazi. Kampuni ilikuwa imewasimikia watu madishi ya televisheni ya bure bila kukusudia.

Zamu ya serikali ilikuja na uhamisho wa dijitali. Mkataba wa Geneva wa 2006 uliweka Juni 2015 kuwa mwisho wa analojia katika ukanda wetu. Tanzania ilizima mitambo ya Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mapema kuliko majirani, na Kenya ilifikia hapo Februari 2015 kwa mvutano uliowaacha watazamaji wa NTV, KTN, QTV na Citizen na skrini tupu kwa takriban wiki tatu. Kwa mara ya kwanza neno bure liliingia kwenye masharti ya leseni: waliopewa kazi ya kurusha dijitali ya ardhini nchini Tanzania walitakiwa kubeba chaneli za ndani bila malipo ya mwezi. Mtazamaji wa bure sasa alikuwa na jina kisheria, mradi awe na king'amuzi cha antena ya kawaida na awe ndani ya mzunguko wa mtambo. Mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliukaza mpaka huo ilipoyaagiza makampuni ya satelaiti ya kulipia, Azam, DStv na Zuku, kuziondoa chaneli hizo kwenye ving'amuzi vyao, kwa kuwa leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba. Hoja ya mamlaka ilikuwa na mantiki: kitu cha bure kisiuzwe ndani ya kifurushi. Lakini aliyeumia ni mtu wa wilaya isiyo na mtambo wa dijitali, aliyenunua dishi la Azam, kampuni iliyoanza Desemba 2013, ili apate taarifa ya habari ya saa mbili usiku pamoja na mpira wa Simba na Yanga. Antena isingemsaidia.

Mwenye dishi la futi 6 la bendi ya C hakuguswa na amri hiyo. Hakuwa mteja wa aliyeagizwa. Hapa hoja yangu inapata upande wake wa pili, ambao nisingetenda haki kuuficha: kutokusudiwa na mtu kunakuacha bila mtetezi, lakini kunakuacha pia bila wa kukukatia. Amri ya mamlaka, kuchelewa kulipia kifurushi na ugomvi wa makampuni vilipita kando yake. Na hilo ndilo linalojibu wanaosema dishi lilikuwa kitu cha matajiri. Katika miaka ya 1990, ndiyo. Baada ya vifaa vya China kujaa madukani, gharama ikawa ya mara moja, na kwa kaya isiyo na kipato cha kila mwezi, inayouza mahindi au korosho kwa msimu, malipo ya mara moja ni rahisi kuliko madogo yasiyokoma. Nyumba ya kupanga ilivuta waya kutoka risiva moja hadi vyumba vitano, wote wakitazama chaneli aliyoichagua mwenye rimoti. Huo si utajiri.

Kinachoitishia bendi ya C sasa hakitoki kwenye televisheni. Kampuni za simu zinayataka masafa yake. Mnada uliomalizika mwaka 2021 nchini Marekani uliuza kipande cha gigahezi 3.7 hadi 3.98 kwa zaidi ya dola bilioni 80, na kabla ya kukikabidhi wasimamizi walihesabu nani alindwe: vituo vya ardhini vilivyosajiliwa vililipiwa gharama za kuhama au kuwekewa vichujio. Madishi ya nyumbani yasiyosajiliwa, yakiwemo ya watu walioyatunza tangu zama za HBO ya wazi, hayakuwekwa kwenye orodha. Kwenye ukanda wetu wa kimataifa wa masafa, unaojumlisha Ulaya, Afrika na Uarabuni, gigahezi 3.4 hadi 3.6 zilikwishatengewa simu katika mkutano wa dunia wa 2015, na shinikizo linapanda ngazi kwa ngazi. Simu ya mkononi yenyewe inasemekana itaziba pengo, kwa kuwa chaneli zote sasa ziko kwenye intaneti. Lakini saa moja ya picha kwa intaneti hula bando, na bando ni malipo yasiyokoma yaleyale ambayo dishi liliyakwepa.

Mwenye dishi la futi 8 wilayani Tunduru yuko katika kundi lile la wasioandikwa. Masafa yatakapohamishwa, barua zitakwenda kwa wenye vituo, wenye mitambo na wenye satelaiti, kila mmoja kwa anwani yake. Yeye atawasha televisheni, ataona haina mawimbi, atapanda kuangalia kama LNB imeingia maji, kisha atampigia simu fundi, na fundi, akiwa ameshapigiwa na wengine watatu asubuhi hiyo, atamwambia asubiri kwanza ajue zimehamia wapi.